Kibaba cha Kupimia Ufukara

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala hii, weka chini kikombe chako cha chai ujaribu kujibu swali moja dogo. Katika siku saba zilizopita, nyumba yako imekula mchele kilo ngapi? Mafuta ya kupikia yamekwisha kiasi gani? Watoto wamekula maandazi mangapi njiani walipokuwa wakienda shule, na fedha za maandazi hayo zilitoka mfukoni mwa nani? Kama wewe ni baba mwenye nyumba, yamkini umekwisha geuza shingo kumtazama mama watoto ili akusaidie. Naye, akiulizwa kuhusu chai na chapati unazokunywa na kula wewe asubuhi kwa mama ntilie karibu na lango la kiwanda, hataweza kujibu, maana hakuwapo.

Swali hili si la mzaha. Kwa majibu ya maswali ya namna hii, yakikusanywa kaya kwa kaya na nchi kwa nchi, ndipo wataalamu wanapopata zile hesabu tuzisikiazo redioni: kwamba watu milioni mia saba, au milioni mia nane, katika nchi zinazoendelea wanaishi katika ufukara. Wengi wetu huzisikia, tukatikisa kichwa kwa huzuni, tukaendelea na shughuli zetu. Ni wachache wanaouliza: je, aliyewahesabu aliwahesabuje? Alikuwa ameshika kibaba gani?

Leo nataka tulifuate swali hilo hadi kisiwani Pemba. Sababu yangu ni kwamba huko, kuliko mahali pengi nipajuapo, jicho na hesabu hazikubaliani.

Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Khadra, yaani cha kijani, na hawakukosea. Ukishuka bandarini Mkoani na kushika njia ya Chake Chake, utaona vilima vimefunikwa kwa mikarafuu, minazi, migomba na mishelisheli, na mabondeni utaona mpunga. Mgeni aliyezoea ukame wa bara husema moyoni mwake kwamba hapa hapana mtu wa kulala na njaa. Lakini endelea kwenda kaskazini na mashariki, upite Wete na Konde, ufike Micheweni. Huko udongo mwekundu wenye rutuba unakwisha na uwanda unaanza, nchi ya mawe ambayo jembe likigonga hulia. Mkarafuu hauoti juu ya jiwe. Watu hupanda muhogo na mtama katika mifuko ya udongo iliyoko baina ya mawe, huvua, na wanawake huteremka pwani maji yakikupwa kwenda kutafuta chaza na pweza na kufunga mwani.

Pemba nzima ilikuwa na watu 543,441 katika sensa ya mwaka 2022. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya uliofanywa Zanzibar mwaka 2004/05, wilaya ya Micheweni ndiyo iliyoonekana kuwa na hali ngumu kuliko zote: karibu robo tatu ya watu wake walihesabiwa kuwa hawawezi kupata mahitaji yao ya lazima. Kisiwa cha kijani, kisiwa cha karafuu ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa nguzo ya fedha za kigeni za Zanzibar, kikawa na wilaya ya mwisho katika orodha.

Robo tatu hiyo ilijulikanaje?

MDADISI NA DAFTARI LAKE

Kazi huanza kwa mdadisi. Ni kijana, mara nyingi wa kiume, siku hizi na wa kike pia, anayetumwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwenda katika shehia zilizochaguliwa kwa kura. Hapigi hodi nyumba zote. Huchaguliwa chache zisimame badala ya nyingi, kama mpishi anavyoonja kijiko kimoja akajua chumvi ya chungu kizima. Zile kaya zilizochaguliwa huachiwa daftari, nalo hutakiwa kuandikwa kila siku kila kilichonunuliwa, kila kilichovunwa shambani kikaliwa, na kila kilichopokewa kwa mtu. Asiyejua kuandika huandikiwa na mtoto wake wa shule au na mdadisi mwenyewe.

Tuchukue mfano, ili mambo yaeleweke. Hapa nakutengenezea kaya ambayo haipo katika daftari lolote, ila aliyewahi kuishi Micheweni ataitambua. Baba ni mvuvi asiye na chombo chake, hupanda chombo cha mwingine na kugawiwa fungu. Mama analima mwani. Kuna watoto watano, na bibi mzaa baba. Nyumba ni ya fito na udongo, iliyoezekwa makuti, na nyuma yake pana kipande cha muhogo na mpapai mmoja.

Jumatatu asubuhi mama anang'oa mashina matatu ya muhogo. Hakununua. Je, aandike nini? Mdadisi anamwambia aandike, kwa sababu chakula ni chakula, na aliyekula muhogo wake si sawa na aliyelala bila kitu. Lakini daftari linataka shilingi. Basi muhogo ule utatafutiwa bei ya sokoni, kana kwamba mama alijiuzia mwenyewe. Mchana jirani analeta kisahani cha dagaa. Hilo nalo litaandikwa. Jioni baba anarudi na fungu la samaki, nusu ameuza pwani, nusu ameleta nyumbani. Fungu hilo lina uzito gani? Kilo haikutumika. Sisi watu wa pwani tumezoea fungu, mkungu, chane, kata, kibaba, na pishi yenye vibaba vinne. Na fungu la dagaa la Tumbe sokoni pengine si fungu la dagaa la Chake Chake. Yote hayo ofisini lazima yageuzwe kuwa gramu, na gramu zigeuzwe kuwa nguvu mwilini, na nguvu zigeuzwe kuwa shilingi.

Nawe msomaji uliye mjini umo katika daftari hilo, ingawa hukujua. Ule mfuko wa mchele uliompelekea mama yako kwa meli ya Unguja, au fedha ulizomtumia kwa simu mwezi uliopita, huandikwa kuwa vitu vilivyopokewa. Kama umetuma katika mwezi wa mdadisi, kaya yenu imepanda daraja. Kama mwezi huo ulikuwa na madeni ukanyamaza, imeshuka.

Daftari likijaa, hujumlishwa. Kisha jumla hugawanywa kwa watu wa nyumbani, lakini si kwa vichwa sawasawa: mtoto mdogo huhesabiwa kuwa sehemu tu ya mtu mzima, maana tumbo lake si tumbo la mvuvi. Baada ya hapo ndipo huletwa kile kinachoitwa mstari wa umaskini. Kwanza hutafutwa bei ya chakula cha kawaida cha watu wa hali ya chini kinachoweza kumpa mtu mzima kalori 2,200 kwa siku. Huo ni mstari wa chakula. Aliye chini yake ndiye tungemwita fukara, hata akitumia fedha zake zote kwa kula hashibi. Kisha huongezwa kiasi kidogo kwa ajili ya nguo, mafuta ya taa au umeme, dawa, sabuni na mengineyo, na huo ndio mstari wa mahitaji ya lazima.

Katika utafiti wa mwaka 2019/20, mstari wa chakula Zanzibar ulikuwa takriban shilingi 47,500 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa mahitaji ya lazima takriban shilingi 66,300. Ugawe huo wa pili kwa siku: unapata kiasi cha shilingi elfu mbili na mia kadhaa. Aliyepata shilingi mia moja juu ya hapo hakuhesabiwa maskini. Kwa kipimo hicho watu 25.7 katika kila mia walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya lazima, na 9.3 chini ya mstari wa chakula.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Ukiitazama kazi yenyewe utaona kwamba katika kila hatua kuna mtu aliyeamua jambo: bei gani, kibaba gani, mtoto ni sehemu gani ya mtu mzima. Maamuzi hayo hayafanywi kwa hila, wala sisemi kwamba hesabu ni uongo. La hasha. Lakini yakibadilika, maskini hubadilika idadi bila ya mtu hata mmoja kupata au kukosa sahani ya wali.

Mfano uko hapa hapa nyumbani. Utafiti wa Zanzibar wa mwaka 2009/10 ulipotangazwa mara ya kwanza, ulisema watu 44.4 katika kila mia ni maskini wa mahitaji ya lazima. Miaka michache baadaye, ulipofanywa utafiti wa 2014/15 kwa njia mpya za kukokotoa, ilibidi ule wa zamani nao ukokotolewe upya ili viwili hivyo vilinganishwe. Daftari zilikuwa zile zile, mihogo ile ile na dagaa wale wale. Safari hii jibu likawa 34.9. Karibu mtu mmoja katika kila kumi wa Zanzibar alitoka katika umaskini ndani ya karatasi, akiwa amelala.

MTU WA CAPE TOWN NA GAZETI LA SENTI

Mstari huu haukubuniwa jana. Mwaka 1899, katika mji wa York huko Uingereza, Seebohm Rowntree, kijana wa ukoo wenye kiwanda cha chokoleti, alituma watu nyumba kwa nyumba kuuliza habari za familia za wafanyakazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1901. Alitaka kuwanyamazisha matajiri waliodai kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya ulevi na upotevu, kwa hiyo aliuweka mstari wake chini kabisa: chakula cha kuuweka mwili hai, kodi ya nyumba na nguo, basi. Hakuweka nauli. Hakuweka stempu ya kumwandikia barua mtoto aliye mbali. Hakuweka hata fedha ya gazeti, maana yake ni kwamba kwa kipimo cha Rowntree wewe uliyenunua gazeti hili umefanya anasa.

Baada yake alikuja Edward Batson, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye katika miaka ya 1940 aliuchora mstari wa namna hiyo kwa ajili ya Afrika Kusini. Huyu ndiye anayetuhusu, maana mwaka 1948 alikabidhiwa kazi ya kuongoza uchunguzi mkubwa wa maisha ya watu wa Zanzibar, Unguja na Pemba, na matokeo yake yakajaza mijalada mingi. Kwa hiyo wazee wetu wa Pemba waliulizwa habari za vyakula vyao na nyumba zao zaidi ya miaka sabini iliyopita, chini ya wakoloni, na mtu yule yule aliyeufunza ukingo wa Afrika kuchora mstari wa umaskini. Walijibu nini juu ya sababu za umaskini wao, hilo si swali ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa na haraka ya kuliuliza.

Tulipopata uhuru, Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kila mtoto wa shule aliwaimba. Ujinga ulipimwa kwa kuhesabu waliojua kusoma. Maradhi yalipimwa hospitalini. Umaskini ndiye adui aliyekuwa mgumu kupimwa kuliko wote.

Kwa dunia nzima, kipimo kilichokuja kushika ni kile cha dola moja kwa siku. Benki ya Dunia ilikitumia katika ripoti yake ya mwaka 1990, na mchumi aliyekishughulikia zaidi ni Martin Ravallion wa Australia, aliyefariki mwaka 2022. Wazo lake lilikuwa jepesi na lenye adabu ndani yake: tusiwapime maskini wa dunia kwa mstari wa Washington, bali tuzitazame nchi maskini zenyewe zimejichorea mstari wapi, kisha tuchukue wastani.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 2008, mstari huo ulipofanywa kuwa dola 1.25, ulikuwa ni wastani wa mistari ya nchi kumi na tano maskini kuliko zote zilizokuwa na takwimu. Baina ya nchi hizo zilikuwamo Malawi, Mali, Uhabeshi, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Nepal, na Tanzania yetu. Yaani kamba iliyotumika kupimia ufukara wa mtu wa Bangladesh au wa Bolivia ilisokotwa kwa nyuzi kumi na tano, na uzi mmoja ulitoka kwetu.

Hapa lazima nikuonye juu ya kosa linalofanywa hata na wasomi. Dola hiyo si ile ya benki. Usichukue dola moja ukaizidisha kwa bei ya duka la fedha. Shilingi unazopata kwa dola moja hapa hununua muhogo mwingi kuliko dola yenyewe ingevyonunua New York. Kwa hiyo watakwimu hulinganisha bei za vitu katika nchi mbalimbali, kisha wakapata dola ya hesabu inayonunua hapa kiasi kile kile inachonunua Marekani. Bei hizo hukusanywa upya kila baada ya miaka kadhaa, na kila zikikusanywa mstari husogea: dola 1.90 mwaka 2015, dola 2.15 mwaka 2022, na mwezi wa Juni mwaka 2025 dola 3.

Siku ile mstari ulipopanda hadi dola 3, hesabu ya mafukara wa dunia ya mwaka 2022 ilibadilishwa kutoka milioni 713 kuwa milioni 838. Milioni 125 waliongezeka kwa siku moja, zaidi ya Watanzania wote, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepoteza mbuzi siku hiyo. Nchi nyingi maskini zilikuwa zimeinua mistari yao zenyewe, zikisema kwamba maisha ya kibinadamu yanahitaji zaidi ya yale waliyoyakubali zamani. Kwangu mimi hilo ni jambo jema. Lakini msikilizaji wa redio aliyesikia tarakimu mbili tu, ya zamani na mpya, angedhani dunia imeanguka.

Na kamba ya wote ikikurudia nyumbani, haikukuti pale ilipokuacha. Tanzania Bara, kwa mstari wake yenyewe, ilihesabu maskini 26.4 katika kila mia mwaka 2017/18. Kwa mstari wa dunia wa wakati huo, dola 1.90, walikuwa karibu nusu ya wananchi. Ni watu wale wale.

NJIA NANE ZA KUULIZA

Jaribio zuri kuliko yote niyajuayo juu ya jambo hili lilifanywa Tanzania Bara mwaka 2007 na 2008. Kaya zipatazo elfu nne katika wilaya saba, zikiwamo za Dodoma, Pwani, Shinyanga, Manyara na Dar es Salaam, ziligawanywa kwa kura katika makundi manane. Kila kundi liliulizwa habari za matumizi kwa njia yake. Wengine walitakiwa kukumbuka siku saba zilizopita, wengine siku kumi na nne, wengine mwezi wa kawaida. Wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Wengine walipewa daftari moja la nyumba nzima, na wengine kila mtu mzima daftari lake.

Kwa kuwa makundi yalichaguliwa kwa kura, hali zao zilikuwa sawa. Majibu yangepaswa kuwa sawa. Wachunguzi walipokokotoa ni watu wangapi hawapati chakula cha kutosha, njia moja ilisema 19 katika kila mia, na nyingine ilisema 68. Fikiri maana yake kwa waziri anayepanga bajeti.

Waliopewa kila mtu daftari lake ndio walioonekana kula zaidi. Sababu yake uliijua tangu mwanzo wa makala hii, ulipomtazama mama watoto. Mtu mmoja hajui yote yaliwayo na watu wa nyumba yake. Kijana amekula muhogo wa kukaanga njiani, baba amekunywa kahawa barazani, mama amejinunulia ubuyu. Mkuu wa kaya akiulizwa peke yake, hayo hupotea, na kaya huonekana fukara zaidi ya ilivyo.

Lakini kuna linalopotea kwa upande wa pili pia, nalo ndilo linalonikera zaidi. Daftari la kaya, likiisha kujumlishwa, hugawa chakula kwa haki. Humpa kila mtu mzima sehemu yake kamili na kila mtoto sehemu yake. Jikoni haigawanywi hivyo. Mara ngapi umeona kipande cha samaki kikiwekwa kwa baba, watoto wakapewa mkia na mchuzi, na mama akakomba chungu baada ya wote kunawa? Kaya iliyo juu kidogo ya mstari yaweza kuwa na mwanamke aliye chini yake, na hakuna mdadisi atakayemwona, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeandika daftari na hajihesabu.

Turudi Pemba. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2017 ilizitazama zile takwimu za Zanzibar za 2009/10 na 2014/15, zikiwa zimekokotolewa kwa njia moja. Zanzibar kwa jumla ilikuwa imepunguza umaskini, kutoka 34.9 hadi 30.4. Pemba peke yake ilikuwa imepanda, kutoka maskini 48 katika kila mia hadi 55. Maana yake, nafuu yote ilikuwa ya upande wa Unguja, wenye mahoteli, mji na ajira, na tarakimu moja ya visiwa viwili ilikuwa ikificha kisiwa kimoja. Kama pasingelikuwa na mtu wa kuitenganisha, wakubwa na wadogo tungelishangilia pamoja.

Je, hiyo 55 niiamini? Naiamini, ila naomba ruhusa ya kuongeza neno. Mkarafuu hauna adabu ya mwaka hadi mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, hujipumzisha mwaka wa pili au zaidi. Mwaka wa mavuno makubwa Pemba nzima inanukia karafuu. Shule hubaki na nafasi, majamvi huanikwa hata kandokando ya barabara, na mchumaji asiye na shamba hulipwa kwa pishi alizochuma. Mwaka wa ukavu hakuna kitu. Mdadisi akija mwaka wa kwanza ataandika jambo moja, akija wa pili ataandika jingine, na tafiti zenyewe hufanywa mara moja katika miaka mitano. Mwani nao, uliopandwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989 na kuwapa wanawake wa pwani fedha ya kwanza ya mkononi mwao, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto. Mstari wa umaskini humwambia mtu yuko chini au juu. Haumwambii kwamba aliye juu leo amesimama ukingoni.

Mchumi wa Kihindi Amartya Sen alilalamika tangu mwaka 1976 kwamba kuhesabu vichwa tu ni kipimo kibovu, kwa sababu aliye chini ya mstari kwa shilingi kumi na aliye chini kwa shilingi elfu wanahesabiwa mmoja na mmoja. Tangu mwaka 2010 Umoja wa Mataifa hutoa kipimo kingine kisichouliza fedha kabisa. Kinauliza: sakafu ni ya nini? Maji yako mbali gani? Mtoto amesoma miaka mingapi? Mmepikia kuni? Kwa kipimo hicho, waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba mwaka 2010 unahesabika, ilhali katika daftari la matumizi hauonekani ila kama gharama.

Yote haya yangekuwa mazungumzo ya wasomi kama hayangefika mlangoni mwa mtu. Yanafika. Tangu mwaka 2012 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, una mpango wake wa kunusuru kaya maskini, na Pemba imo. Hapo haitoshi kujua ni maskini wangapi. Lazima ijulikane ni nani. Watu wa shehia hukusanyika na kutaja majina, kisha kaya zilizotajwa huulizwa maswali juu ya nyumba, vyombo na watu wake, na hesabu ikakata shauri. Waza basi ile kaya ya mfano wetu. Tuseme mwana aliyeko Dar es Salaam aliinunulia mabati mwaka aliopata kibarua kizuri. Bati liko juu ya paa, mwana hana kazi tena, chungu ni kitupu. Jirani mwenye paa la makuti ana mashua. Wazee wa shehia wanaoketi chini ya mwembe wanayajua hayo bila daftari. Lakini wazee hao pia wana jamaa, na wana watu ambao hawasemeshani nao tangu uchaguzi uliopita. Ukimpa kazi mtu anayejua, umempa pia mtu anayependelea. Sijaona bado nchi iliyoufungua mkufu huu vizuri.

Labda ndiyo sababu ninapenda jambo moja lililofanywa Zanzibar mwezi wa Aprili mwaka 2016. Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa pensheni kila mzee mkaazi aliyefikia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza ana mashamba mangapi wala paa lake ni la nini. Baadaye kiasi hicho kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Aliyekuwa karani na aliyekuwa mchumaji wa karafuu hupokea sawa. Shilingi 20,000 ukiziweka kando ya mstari wa umaskini ni ndogo, hazikufika hata nusu yake. Lakini bibi yule wa Micheweni, ambaye katika daftari la kaya alikuwa ni tumbo moja la kugawiwa, sasa ana fedha yenye jina lake.

Hapa kinachopimwa ni umri, na mtu angedhani hakuna kipimo chepesi zaidi. Ila wengi wa wazee hao walizaliwa vijijini katika miaka ambayo mtoto alizaliwa kwa mkunga, jina likatiwa sikioni, na karatasi haikuandikwa. Aliyetimiza miaka 70 mwaka pensheni ilipoanza alizaliwa mwaka 1946. Muulize, naye ataanza kuhesabu kwa vidole: alikuwa bado mtoto wakati watu wa uchunguzi walipopita vijijini mwaka 1948, na alikuwa kijana wa miaka kumi na minane Mapinduzi yalipofanyika.